Haibridi naihesabu kwa lita

Shemeji yangu anataka kununua gari, na dada yangu amemwambia asitoe hata senti kabla hajazungumza na mimi. Sababu ni daftari langu. Kila nikijaza tangi naandika lita zilizoingia na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, na nimefanya hivyo tangu nilipolichukua gari langu la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, kwa mwenyewe wa kwanza. Mimi ni mhasibu, na gharama isiyoandikwa hunikosesha raha. Shemeji alitaka jibu la neno moja: ninunue haibridi au nisinunue? Nilimwambia neno moja sina, ila hesabu ninayo, na ni fupi kuliko anavyodhani.

Kwanza niseme kwa nini nahesabu kwa lita badala ya fedha. Bei ya mafuta hupanda na kushuka, bei za magari nazo vivyo hivyo, na hesabu uliyoipiga leo mwezi ujao imeshapitwa na wakati. Lita haipitwi. Gari linalotumia lita tano kwa kilomita 100 litatumia hizo hizo, petroli iwe ghali au rahisi. Kwa hiyo kila gharama ya gari naigeuza kuwa lita: nachukua bei ya kitu, nagawanya kwa bei ya lita moja ya petroli ya siku hiyo. Betri inakuwa lita kadhaa, bima ikizidi inakuwa lita kadhaa. Hata ile nyongeza unayolipa kwa sababu gari ni haibridi ni lita. Ni mafuta uliyoyanunua kabla hujakaa kwenye usukani.

Tuanze na nyongeza hiyo. Ili tusilinganishe vitu visivyofanana, nilimtafutia shemeji gari linalotengenezwa kwa namna zote mbili, petroli tupu na haibridi. Toyota Corolla ya mwaka 2020 inafaa. Kwa vipimo vya EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, ile ya petroli yenye injini ya lita 1.8, ukishageuza maili na galoni zao, hutumia kama lita 7.8 kwa kilomita 100 za mjini na 6.2 za barabara kuu. Haibridi hutumia 4.4 mjini na 4.5 barabara kuu. Maana yake haibridi inaokoa lita 3.4 mjini na 1.7 tu kwenye barabara kuu, kwa kila kilomita 100.

Sasa chukulia kwamba nyongeza ya bei, ukiigawanya kwa bei ya petroli, ni sawa na lita 1,500. Namba hiyo ni ya mfano, kila mtu aweke yake. Dereva wa mjini atazirudisha lita hizo akifika kilomita 44,000 hivi. Dereva wa safari ndefu atazirudisha kwenye kilomita 88,000. Gari lile lile, bei ile ile, na mmoja amemaliza deni wakati mwenzake yuko katikati ya njia. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha, huyu anasema haibridi inalipa, yule anasema hailipi, na wote wakawa wanasema ukweli wa barabara zao.

Tofauti hiyo ya mjini na barabara kuu inatoka wapi? Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye uzuri wa mashine hii.

Gari la tani moja na nusu likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa limebeba nishati ya mwendo. Ukikanyaga breki za kawaida, nishati yote hiyo inageuka joto kwenye diski na pedi, halafu inapotelea hewani. Ukikokotoa, na ukikumbuka kwamba injini ya petroli kwenye foleni hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kama joto, kila kusimama kwa namna hiyo ni kutupa mililita 15 hivi za petroli. Ni kidogo mno kwa macho. Lakini hesabu taa za barabarani, makutano, matuta na wavukao barabara kutoka nyumbani mpaka kazini, halafu urudi navyo jioni. Haibridi unapoachia mafuta au kugusa breki, mota ya umeme inageuka kuwa jenereta, inalishika gari kwa kuzalisha umeme, na umeme huo unaingia kwenye betri. Si nishati yote inayorudi. Lakini kinachorudi ndicho kinacholisukuma gari taa ikiwa kijani, injini ikiwa imezimwa bado.

Halafu kuna kule kusimama kwenyewe. Injini ya kawaida ikiunguruma bure kwenye foleni hula kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa, kutegemea ukubwa wake na kama kiyoyozi kimewashwa. Haibridi inanyamaza. Kwenye nyingi za leo hata kiyoyozi kinazungushwa na umeme, kwa hiyo unapata baridi injini ikiwa imelala, mpaka betri ishuke na injini iamke kidogo kuichaji.

Na injini yenyewe si ile ile. Haibridi nyingi hutumia mzunguko unaoitwa wa Atkinson, kwa jina la Mwingereza James Atkinson aliyeubuni katika miaka ya 1880. Kwenye injini za leo wanaufuata kwa kuchelewesha kufunga vali ya kuingizia hewa, ili pistoni ikandamize hewa kidogo kuliko nafasi inayopata ya kusukumwa. Kila tone linafanya kazi zaidi. Injini ya Toyota Prius iliyotoka mwishoni mwa 2015 ilitangazwa kufikia ufanisi wa asilimia 40, kiwango cha juu sana kwa injini ya petroli. Kasoro ya injini ya aina hiyo ni unyonge wakati wa kuondoka na wakati wa kupanda mlima, na unyonge huo ndio unaozibwa na mota ya umeme. Moja bila nyingine ingekuwa na upungufu. Huwa nafurahi kila nikilifikiria hilo, kwamba mtu alichukua wazo la zaidi ya miaka mia moja, akaliongezea mota, na kasoro yake ikaacha kuwa kasoro.

Barabara kuu, kwa upande wake, hakuna cha kurudisha. Unashika mwendo mmoja, kazi kubwa ya gari ni kupasua hewa, na hewa ukishaipasua hairudishi kitu. Inayookoa mafuta hapo ni injini yenyewe na umbo la gari. Kwenye daftari langu tofauti hiyo inaonekana bila kutafuta. Wiki za kazi, za foleni asubuhi na jioni, huwa niko chini ya lita tano kwa kilomita 100. Safari ndefu za mwendo mkali zinapanda juu ya tano na nusu, na mama mkwe akiwa na mizigo yake kwenye buti, zaidi ya hapo. Anayetoka gari la petroli kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu amezoea kinyume chake.

Sasa tuje kwenye betri, maana najua wengine wameruka aya zote za juu wakaja hapa.

Watu huifikiria betri ya haibridi kama tangi la pili la mafuta. Betri ya haibridi ya kawaida isiyochomekwa ukutani, kwa mfano ile ya Prius ya 2009 hadi 2015, ina moduli 28 za nikeli, yaani vibetri vidogo vilivyounganishwa, volti 201.6, na jumla ya kilowati-saa 1.3 hivi. Lita moja ya petroli ina karibu kilowati-saa 9. Betri nzima, ikijaa mpaka juu, haifikishi hata moja ya tano ya nishati iliyomo kwenye lita moja! Na kompyuta ya gari hairuhusu ijae wala iishe. Huichezesha katikati, takriban kati ya asilimia 40 na 80, kwa sababu kujaa kabisa na kuisha kabisa ndiko kunakoiua mapema. Kwa hiyo betri hii ni mahali pa kupitia. Umeme unaingia taa ikiwa nyekundu, unatoka taa ikiwa kijani, siku nzima, mwaka baada ya mwaka.

Ikiwa kazi yake ni hiyo, itadumu muda gani? Jarida la Marekani la Consumer Reports lilijaribu mwaka 2011 Prius ya 2002 iliyokuwa imetembea zaidi ya kilomita 330,000, likalinganisha na vipimo vyake lenyewe vya gari kama hilo lilipokuwa jipya. Tofauti ya matumizi ya mafuta ilikuwa ndogo mno. Na Toyota yenyewe, kwa magari yake ya kuanzia toleo la 2020 yanayouzwa Marekani, inatoa dhamana ya miaka 10 au maili 150,000, yaani kilomita 240,000 hivi, kwa betri ya haibridi. Kampuni haiweki saini hiyo kwa kubahatisha.

Lakini betri hiyo hiyo inaweza kufa mapema zaidi, na muuaji wake mkubwa ni joto. Kwenye magari mengi betri imekaa nyuma au chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni ya kiti. Tundu hilo likizibwa na begi, blanketi au koti la mtoto, betri inapumua kwa shida. Vumbi na manyoya ya paka vikijaa kwenye feni, ni hivyo hivyo. Kwenye gari langu kuna kichujio kidogo pale; nakitoa, nakikung'uta, nakirudisha, kazi ya dakika chache isiyohitaji fundi. Watoto wangu wanajua kwamba pale hapawekwi kitu. Anayeuziwa haibridi akaambiwa "hii haina matunzo ya ziada" amenyimwa habari muhimu kuliko zote.

Rudini kwenye lita. Chukulia betri mbadala, pamoja na ufundi, ni sawa na lita 1,000. Tena namba ya mfano. Ukinunua gari ambalo betri yake ina kilomita 150,000 mbele yake, kila kilomita 100 inabidi uweke kando lita 0.7 kwa ajili ya betri ijayo. Mjini ulikuwa unaokoa 3.4, inabaki 2.7. Barabara kuu ulikuwa unaokoa 1.7, inabaki 1.0. Bado uko upande wa faida kote kuwili.

Sasa chukua gari lile lile, ila betri imechoka na imebakiza kilomita 40,000 tu. Unatakiwa kuweka kando lita 2.5 kwa kila kilomita 100. Mjini faida inabaki 0.9. Barabara kuu umeingia hasara ya 0.8, yaani ungenunua la petroli tupu ungekuwa umekaa vizuri zaidi.

Hapa ndipo nilipotaka shemeji afike. Watu wote, wauzaji na wanunuzi, wanazungumzia namba ya matumizi, linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Namba hiyo iko kwenye kila tangazo na ni kweli. Namba inayoamua, kwa anayenunua gari lililotumika, ni kilomita zilizobaki kwenye betri, na hiyo haiandikwi popote. Lazima uitafute.

Unaitafutaje? Fundi wangu, kijana mtulivu aliyesomea magari ya umeme na haibridi, alinionyesha nikiwa bado natafuta la kununua. "Dada, usiangalie kilomita peke yake," aliniambia. "Angalia na umri, halafu niletee nilichomeke." Alichomeka kifaa chake cha kupimia chini ya usukani, tukaenda mzunguko mrefu wenye mteremko na mlima, na kwenye skrini tukawa tunaona volti za kila jozi ya moduli. Kwenye betri yenye afya zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Kwenye betri inayochoka kuna jozi moja au mbili zinazoporomoka wakati wa kupanda mlima na kuruka juu wakati wa kushuka, huku nyingine zimetulia. Gari la kwanza tulilopima lilikuwa na dalili hiyo, ingawa dashibodi yake haikuwa na taa yoyote. Tuliliacha. La pili ndilo ninaloendesha.

Jambo la umri watu hulidharau. Gari la miaka kumi na mbili lenye kilomita chache linavutia kwenye tangazo, lakini betri za nikeli huzeeka hata zikiwa zimekaa, na lililokaa miezi bila kuwashwa linaweza kuwa baya kuliko lililotembezwa kila siku. Mimi ningechukua gari lenye kilomita nyingi za mtu mmoja aliyelitunza kuliko lenye chache zisizoeleweka.

Ikifika siku betri imechoka kweli, kwenye magari ya Toyota kompyuta huandika P0A80, alama ya hitilafu ya betri hiyo, na hapo unachagua. Kuna wanaobadilisha moduli moja mbovu na kuacha zilizobaki. Ni rahisi kwa bei, lakini moduli zote zina umri mmoja na zimepitia joto moja, kwa hiyo baada ya muda inafuata ya pili, kisha ya tatu. Kwa gari unalotaka kuliuza kesho, sisemi kitu. Kwa gari unalompeleka nalo mtoto shuleni, weka seti nzima mpya. Kwenye hesabu ya lita, moduli moja moja mara nyingi huishia kuwa ghali zaidi, na hapo hujahesabu siku zilizopotea.

Kwa upande wa vitu ambavyo hutalipia, orodha ni ndefu kuliko wengi wanavyojua. Kwenye mfumo wa Toyota hakuna stata wala alteneta. Mota zile zile zinawasha injini na kuchaji. Hakuna klachi. Kinachoitwa giaboksi ni seti ya gia zilizozungukana, haina mkanda wa kukatika. Pedi za breki hudumu sana kwa sababu mota ndiyo inayolipunguza gari mwendo, na pedi zinashika kwa nguvu mwishoni tu au ukikanyaga ghafla. Hapo kuna tahadhari moja: breki isiyotumika sana hushika kutu, na pini zake zinaweza kukwama. Kwa hiyo nalipeleka zikasafishwe na kupakwa grisi hata kama pedi bado ni nene.

Kuna vitu vipya vya kukumbuka pia. Inveta, ile sanduku inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa mota, ina maji yake ya kupozea na pampu yake. Pampu ikifa na inveta ikachemka, utalipa lita nyingi sana. Kuna betri ndogo ya volti 12, na hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikiisha, betri kubwa ikiwa imejaa vipi, gari haliwaki. Wengi wamefikiri betri kubwa imekufa, kumbe ni ile ndogo. Na kwa Prius za 2009 hadi 2015, mafundi wanajua mrija na kipozeo cha kurudishia moshi kwenye injini huziba masizi, na wakati mwingine mwisho wake ni gasketi kuungua. Anayenunua la miaka hiyo aulize kama vimewahi kusafishwa. Oili iwe ile nyepesi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi 0W-20, kwa sababu injini hii inawaka na kuzima mara nyingi na oili inatakiwa ifike kila mahali haraka.

Na kuna suala la mtu wa kuligusa. Waya za rangi ya chungwa chini ya boneti na kwenye sakafu zinabeba volti zinazoua. Fundi anayejua huvua plagi ya usalama, husubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe, huvaa glavu maalumu za mpira, ndipo anagusa. Niliwahi kuona kwenye gereji moja kijana akishika kifuniko cha inveta kwa mikono mitupu, gari halijazimwa sawasawa, na nilipiga kelele mpaka akaachia. Sikutaka kusubiri kuona. Kama mahali unapoishi hakuna hata fundi mmoja aliyesomea kazi hii, mimi nakuambia bila kusita usinunue haibridi, hata hesabu ya lita ikiwa nzuri namna gani. Hakuna akiba ya mafuta inayolingana na maisha ya kijana wa watu.

Shemeji aliniuliza na zile za kuchomeka ukutani. Zina betri kubwa zaidi na zinaweza kwenda makumi ya kilomita kwa umeme tupu. Ukichomeka kila usiku na safari zako ni fupi, utapita vituo vya mafuta kama mgeni. Usipochomeka, umebeba betri nzito bure. Tume ya Ulaya ilipochapisha mwaka 2024 takwimu zilizosomwa kwenye magari yenyewe yaliyoandikishwa 2021, ilikuta yanatoa hewa ya ukaa mara 3.5 ya ilivyoandikwa kwenye vyeti vyao, na sababu kubwa ni kwamba hayachajiwi wala kuendeshwa kwa umeme kama ilivyotarajiwa. Nilimuuliza shemeji anaegesha wapi usiku. Anaegesha mbali na ukuta wowote wenye soketi. Tukafunga mlango huo.

Yapo mambo ambayo lita hazisemi yote. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ya ukaa. Mtu wa mjini anayekwenda kilomita 15,000 kwa mwaka na kuokoa lita 3.4 kwa kila 100 anazuia zaidi ya tani moja kwa mwaka. Hilo nalithamini. Lakini ninalolithamini zaidi liko karibu: kwenye foleni mbele ya shule, watoto wanapopita kati ya magari, gari langu halitoi moshi kwa sababu halijawaka. Binti yangu ana pumu. Nimesimama naye pembezoni mwa barabara nikamwona anaziba pua kwa kitambaa, na siwezi kujifanya kwamba hilo halikuwamo kwenye uamuzi wangu. Ukimya huo una upande wake wa hatari, kwani asiyeona, au mtoto anayetegemea masikio, hasikii gari likija. Umoja wa Ulaya ulianza Julai 2019 kulazimisha aina mpya za magari ya umeme na haibridi zitoe sauti kwenye mwendo mdogo. Langu ni la zamani zaidi ya sheria hiyo, kwa hiyo penye watu wengi naenda mwendo wa mguu na dirisha langu liko wazi.

Basi, tulikaa na shemeji, kalamu mkononi. Kazi yake ni ya kusafiri kati ya miji, mwendo mrefu wa kasi moja, na miji anakolala hana fundi wa haibridi anayemwamini. Kwa upande wake hesabu ilikataa, na nilimwambia wazi achukue la petroli lenye injini ndogo, afya nzuri na spea zinazopatikana. Hakufurahi. Alikuwa ameshapenda moja kwenye tangazo.

Dada yangu ndiye aliyeinua kichwa. Yeye ni muuguzi, anatoka nyumbani kabla ya foleni na kurudi katikati yake, na kilomita zake karibu zote ni za mjini. Tulipoweka zake kwenye karatasi, hata baada ya kutenga lita za betri ijayo, bado alibaki na zaidi ya mbili kwa kila kilomita 100. Kwa hiyo sasa anayetafuta haibridi ni dada, na shemeji anatafuta lake la petroli. Lile la kwenye tangazo nililipigia simu mimi mwenyewe, nikauliza kama fundi anaweza kulichomeka na kulitembeza kwenye mlima. Muuzaji alisema gari liko vizuri, hakuna haja. Tumelitoa kwenye orodha. Mwenye gari la pili amekubali lipimwe Jumamosi, na fundi ameshaniambia nimkumbushe dada aje nalo likiwa limetembea kidogo, maana betri ikiwa baridi haionyeshi yote.